Magunia matatu nyuma ya chumba, Mbuya

Ukitaka kulima mboga kwenye magunia, kabla hujanunua mbegu, hesabu majeriken ya maji. Neno hilo naliweka juu kabisa kwa sababu ndilo lililonigharimu pesa nyingi kuliko yote nitakayoeleza hapa.

Tunaishi Mbuya, hapa Kampala, upande wa mteremko unaoshuka kuelekea Kinawataka, kwenye vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, ile tunayoita muzigo. Majirani ni mchanganyiko: familia za wanajeshi, Wakongo, Mkenya mmoja anayeuza mitumba, na sisi watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja pale uani. Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, zamu ya usiku. Mama watoto anakaanga chapati mbele ya mlango kuanzia alfajiri. Nyuma ya chumba chetu kuna kipande cha ardhi, upana wake hatua mbili tatu, kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani. Palikuwa na matofali yaliyovunjika na kiti kisicho na mguu.

Kilichonisukuma ni bei. Mvua ikiwepo, mboga ya shilingi 1,000 inatosha chakula chetu cha jioni. Januari ikifika na jua, fungu linapungua unene huku bei inapanda, na wewe huwezi kumwambia mtoto kwamba posho, huo ugali, leo italiwa na chumvi. Basi mwaka uliopita, mwanzo wa mvua za Machi, nikaamua nitalima kwenye magunia.

Hesabu ya kuanzia ilikuwa hivi. Magunia matatu yaliyotumika, ya sukari, 1,500 kila moja: 4,500. Udongo mweusi magunia manne kwa 5,000: 20,000. Samadi ya kuku gunia moja: 10,000. Miche 60 ya sukuma wiki kwa 100: 6,000. Bodaboda za kubeba vyote hivyo: 8,000. Jumla 48,500. Kwa mshahara wa askari hiyo si pesa ya kuchezea, na mama watoto alinitazama kwa namna ambayo sikuhitaji maelezo.

Gunia lenyewe halina ufundi mkubwa. Unachukua kopo kubwa la rangi lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, unazungushia udongo pembeni, kisha unalivuta kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Mwisho unabaki na nguzo ya mawe katikati, ambayo maji yanashukia ili yafike chini. Ubavuni unatoboa matundu, si kwa mstari mmoja bali kwa kupishana, na kila tundu linapokea mche. Juu unapanda mingine. Kokoto ziwe na ukubwa wa yai au karibu na hapo. Zikiwa ndogo, udongo unaingia katikati yake na njia ya maji inaziba.

Sasa sikiliza hili: gunia likishajaa, hulihamishi. Lina uzito wa mtu mzima na zaidi, na ukilivuta linachanika. Kwa hiyo mahali pa kuliweka pachunguzwe kwanza, na hapa Kampala jua lina tabia yake. Tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba, saa sita mchana jua linasimama utosini. Mwezi wa Juni limeegemea kaskazini, na Desemba limeegemea kusini. Ukuta wetu umenyooka mashariki kwenda magharibi na magunia yangu yako upande wake wa kusini. Machi yalipata jua zuri. Kufika Juni kivuli cha nyumba kilikuwa kimeyafunika sehemu kubwa ya siku, na sukuma zilizokuwa upande wa ukuta zikarefuka shingo, majani membamba, rangi ya njano njano. Kama nafasi yako iko upande wa kusini wa ukuta, sogeza gunia mbali na ukuta kadiri inavyowezekana, na upande unaotazama ukuta usitoboe matundu mengi. Kama iko kaskazini, tegemea shida hiyohiyo Desemba. Mtu wa kijijini hahitaji kuwaza hayo, kwa sababu shamba lake halina ukuta.

Udongo nao una maneno yake. Mwuzaji aliniapia kwamba ni wa bondeni. Nilipoumwaga nikakuta vipande vya chupa, kavera, yaani mifuko ya plastiki, na betri moja ya redio. Ulikuwa udongo wa jalalani, mweusi kweli, unaovutia macho, lakini vitu vinavyotupwa pamoja na maganda huku mjini si vya kula. Betri ndiyo iliyonitisha. Nikamrudishia magunia mawili akanipa mengine kwa kubishana sana, na tangu hapo nanunua kwa kuona: nafungua gunia, naingiza mkono hadi chini, na nauliza umechimbwa wapi. Ukiwa na subira, changanya mwenyewe: makarai mawili ya udongo mwekundu wa kawaida, karai moja la samadi iliyooza, na karai moja la makapi ya kahawa. Makapi yanapatikana kwenye mashine za kukobolea na kwa wafugaji wa kuku wanaoyatandaza mabandani. Udongo mwekundu peke yake ukimwagiwa maji siku chache unashikamana kama sakafu, na mizizi haipenyi.

Samadi ya kuku inahitaji onyo la peke yake. Niliyonunua ilikuwa mbichi, bado ina joto ukiingiza kidole. Nikaichanganya siku ileile na kupanda kesho yake. Miche ilianza kukauka ncha za majani, kisha shina, na zaidi ya nusu ya ile 60 ikafa. Juu ya hayo, harufu ilijaa uani na nzi wakahamia kwenye chapati za mama watoto. Wateja wawili watatu walikwenda kununua kwingine wiki ile, na hasara hiyo hata sikuiweka kwenye hesabu ya hapo juu. Samadi ya kuku iache ioze mwezi mzima na zaidi, imelowanishwa na kufunikwa, mpaka iwe haina joto na inanuka udongo. Ya ng'ombe ina upole kidogo, lakini nayo isiwe mbichi.

Baada ya vile vifo nilikwenda Kyanja. Mamlaka ya jiji, KCCA, ina kituo chake cha kilimo pale, na kwa mtu anayeanza naona kinafaa kuliko video zote za simuni. Utaona magunia, masanduku ya mbao yaliyopandishwa kama ngazi, matairi, na hata mboga zinazooteshwa kwenye maji bila udongo. Hiyo ya maji ni nzuri kuitazama; kwa mfuko wangu iliishia kutazamwa. Nilichojifunza pale ni kitu kidogo: watu wenye ujuzi wanapanda machache. Mimi nilikuwa nimebana miche 20 kwa gunia na kutamani kuongeza. Baada ya kurudi nilipanda 12 kwa gunia, na majani yakawa mapana.

Turudi kwenye majeriken.

Wakati wa mvua husikii chochote. Mvua ya Aprili inakunyweshea, na unajiona mkulima. Juni mvua ilipokata ndipo nilipotambua kwamba gunia halifanani na shamba. Limeinuliwa juu, linapigwa na upepo pande zote, na halina mahali pa kuvuta unyevu wa chini. Magunia matatu siku ya jua yalikuwa yanakunywa jeriken nzima ya lita 20. Kwetu mwenye bomba anauza jeriken 200, na bomba likikauka wanaoleta kwa baiskeli wanataka 500.

Fanya hesabu pamoja nami. Bustani yangu ikiwa na afya inatupa mboga ya chakula cha jioni siku tatu au nne kwa wiki; siku zilizobaki tunanunua. Hiyo ni kama 14,000 ninazookoa kwa mwezi. Maji ya 200 kwa mwezi wa jua ni 6,000, nabaki na 8,000. Maji yakiwa 500, ni 15,000, na bustani inakula kuliko inavyolisha. Utasema bei ya sokoni nayo inapanda wakati wa jua. Ni kweli, lakini na majani ya kwenye gunia yanapungua, kwa hiyo nafuu si kubwa. Ukijumlisha miezi ya mvua na miezi ya jua, ile 48,500 ya kuanzia ilirudi baada ya nusu mwaka na zaidi. Anayekuambia utaacha kwenda sokoni mwezi ujao anakuuzia kitu.

Kilichoniokoa ni paa. Mwanangu wa P6, darasa la sita, alikuwa na hesabu za ujazo, nikamwuliza maji mangapi yanaanguka juu ya chumba chetu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa paa unaomwaga nyuma kwetu ni kama mita za mraba 12. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inatoa lita 240, yaani majeriken 12, na yote yalikuwa yanakwenda mtaroni. Pipa la plastiki lilinishinda bei. Nilichukua bati moja bovu, nikalikunja liwe mfereji, nikalifunga kwa waya chini ya ukingo wa paa, na kulielekeza kwenye majeriken yaliyokatwa midomo pamoja na beseni kuukuu. Funika kwa kipande cha neti. Maji yakiachwa wazi yanazaa mbu, na malaria ya mtoto mmoja inafuta faida ya mwaka.

Maji mengine yamo ndani ya nyumba. Ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vikombe visivyo na mafuta, yote yanakwenda kwenye gunia. Ya kufulia nachukua yale ya suuzo la mwisho tu, nayamwaga kwenye udongo, si kwenye majani. Yenye sabuni nzito au dawa ya kung'arisha nguo usiyapeleke.

Namna ya kumwagilia nayo ni nusu ya kazi. Nikitoka zamu asubuhi, kabla sijalala, namwaga polepole juu ya nguzo ya mawe, nusu kwanza, nasubiri dakika chache, halafu nusu ya pili. Ukimwaga kwa haraka juu ya gunia lililokauka, maji yanateremka pembeni na kutokea chini, udongo wa ndani ukibaki mkavu. Chomeka kidole kwenye tundu la ubavuni uhakikishe. Juu tandaza makapi ya kahawa au nyasi kavu, unene wa vidole viwili vitatu. Baada ya kutandaza, siku zisizo na jua kali nilikuwa naruka siku moja ya kumwagilia bila mboga kulalamika.

Watu nao ni sehemu ya bustani, na hapa nafasi ndogo inamaanisha watu wengi. Mwenye nyumba wetu ni Hajati mmoja mtu mzima, mpole, lakini msingi wa nyumba yake ni roho yake. Aliona maji yanachuruzika kutoka chini ya gunia kuelekea ukutani akaniita.

"Asalaam aleikum, Hajati."

"Waleikum salaam. Baba Rehema, hii nyumba niliijenga kwa matofali, sikuijenga kwa mihogo. Mbona unaimwagilia?"

Niliomba radhi, nikayainua magunia kwa kuyabomoa na kuyajenga upya, kazi ya siku mbili, nikayaweka juu ya matofali yale yale yaliyovunjika, mbali na ukuta, na kuelekea mtaroni nikachimba njia ndogo ya maji. Ningekwenda kwake kabla ya kuanza, nisingebomoa chochote. Jirani mmoja alinitishia kwamba jiji linakataza kulima. Tangu 2006 Kampala ina sheria ndogo zinazotambua kilimo cha mjini, kwa hiyo si kosa kwa jina lake. Lakini mpangaji mwenye ukanda wa hatua tatu, mtu anayeweza kumwondoa ni mwenye nyumba. Zungumza naye kwanza. Hajati sasa anapelekewa fungu la kwanza la kila mavuno, na ni yeye anayewafukuza kuku.

Kuku wa jirani walikuwa adui wa mwezi wa pili. Wavu wa samaki uliochakaa, wa kutoka masoko ya ziwani, unamaliza jambo hilo kwa pesa kidogo. Mwizi alikuwa mgumu zaidi. Usiku mmoja, nikiwa Kololo nalinda geti la watu wenye ukuta wa umeme, mtu alichuma gunia zima la sukuma nyumbani kwangu mpaka kikonyo. Uani walicheka wiki nzima: askari kaibiwa. Mimi nilichukia, kisha nikafanya jambo lililonisaidia kuliko kufuli: nikagawa. Kila mlango ulipata fungu moja mwezi ule, na jirani wa Bukavu nikampa gunia tupu na miche mitano aanzishe lake. Tangu macho ya watu kumi yaangalie nyuma kule, sijapotelewa na kitu cha maana. Watoto bado wanachuma jani moja moja la kuchezea duka. Hilo nimeliacha.

Kuhusu nini cha kupanda, mimi nimefika hapa: sukuma kwenye matundu ya ubavuni, kwa sababu unachuma majani ya chini na mche unaendelea miezi mingi. Dodo, huo mchicha, kwenye beseni lililotobolewa, unakula baada ya wiki nne hivi, basi ni mboga ya kumtia moyo anayeanza. Nakati, mboga ya majani ya kienyeji, inachelewa kuota na inataka subira ya karibu miezi miwili, ila ukikata shina juu kidogo ya ardhi badala ya kung'oa, inachipua tena. Mbegu za nakati na dodo nanunua kwa akina mama wa sokoni kwa kijiko. Za sukuma nafuata maduka ya pembejeo ya Container Village, na nasoma tarehe kwenye pakiti kabla ya kutoa pesa. Pakiti iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko dukani siitaki. Kitunguu cha majani hakisumbui. Nyanya wakati wa mvua zilinivunja moyo, ukungu uliziteketeza majani na matunda, na sizirudii isipokuwa chini ya paa.

Vidukari wakija chini ya majani ya sukuma, jani lililojaa livunje ulitupe mbali, mengine uyapige kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande jioni, na yaoshwe kabla ya kupikwa. Majivu ya mkaa ya mama watoto, ambayo tunayo bila kununua, yanazungushiwa chini kwa ajili ya konokono. Mvua ikinyesha, rudia.

Jambo moja ninalomwambia kila anayekuja kuuliza ni kuhusu barabara. Shemeji yangu alitaka kuweka magunia yake ukingoni mwa lami kwa sababu kule jua ni la bure. Watafiti wa Makerere walipima udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala miaka ya 2000 wakakuta madini ya risasi, mengi karibu na lami na yakipungua kadiri unavyosogea, wakashauri mboga za majani zisilimwe ndani ya mita 30 kutoka barabarani. Petroli yenye risasi iliondolewa zamani, lakini risasi haiozi, inakaa udongoni, na vumbi linatua kwenye majani. Shemeji alihamishia magunia yake juu ya veranda, yanapata jua la asubuhi tu, na dodo wake wanakua vizuri kwa jua hilo.

Gunia la plastiki likipigwa na jua mwaka mmoja linaanza kuchanika kama karatasi. La kwanza langu lilipasuka Mei hii. Udongo wake usitupwe: uanike juani juu ya kavera siku kadhaa, toa mizizi yote, ongeza karai la samadi iliyooza kwa kila makarai matatu, na kama sukuma ndiyo iliyokuwemo, safari hii panda dodo au kitunguu. Gunia jipya la sukari dukani kwetu sasa wanataka 2,000.